Udongo wa Babu Aroni

Lindi, 15 Januari 2024

Mama, kamwene! Mguu umepungua kuvimba? Huku mimi ni mzima, joto tu linanikaanga.

Mama, ulizaa bwana! Wenzangu hutafuta makaburi ya wazee wao mpaka wanazeeka. Mimi la Babu Aroni nimelipata Jumapili moja. Lindi hii nani hanijui? Nilitaja tu Mhehe aliyekuja kukata mkonge, wazee wakanishika mkono hadi nyuma ya shamba la zamani. Msalaba upo, jina lipo, pamefagiliwa. Udongo nimeutia kwenye kopo la maziwa, anauleta Brayson wa lori la mbao. Babu anarudi nyumbani!

Mwanao, Liberatus

Mafinga, 24 Januari 2024

Mwanangu, kamwene. Mguu bado, ila sifa zako zimenichekesha nikausahau.

Kopo limefika. Baba aliondoka mimi nikiwa mgongoni kwa mama, sikumbuki hata sura yake. Jana nimempakata mimi.

Baba yako mdogo Gideoni anasema wewe hata kuku akipotea humwoni, sembuse kaburi. Nikamwambia anyamaze, yeye hata Makambako hapa jirani hajafika. Lakini shimo amechimba, ubavuni mwa kaburi la Bibi yako. Katekista anakuja Jumamosi, tarehe kumi Februari, na pombe ya ulanzi tumeshaagiza. Tuambie tu, Babu alilazwa kichwa upande gani? Tuulaze udongo vilevile.

Mama yako

Lindi, 6 Februari 2024

Mama, shikamoo. Simu niliishika, nikairudisha mfukoni. Brayson nimemwambia akimbize lori, barua hii ifike kabla ya Jumamosi.

Upande wa kichwa siujui. Shambani nilikwenda kweli. Bibi mmoja wa Kimwera anayelima pale alinionyesha pori la mikorosho. "Watu wa bara walizikwa humu," akasema. "Misalaba imeliwa na mchwa. Majina? Waliitwa manamba, mjukuu wangu. Walikuja na namba, wakazikwa na namba."

Nikazunguka naita, "Babu, kamwene! Babu, kamwene!" kama mwehu. Bibi akanicheka, halafu akakaa chini, akalia na mimi. Kuchota pale nikaogopa, nisije nikakupakatisha baba wa mtu mwingine. Na kukwambia sikuliona, na mguu huo, nikashindwa.

Msiuzike, Mama. Kaburi sikulipata. Udongo ule niliuchota nyuma ya banda langu la chipsi.

Mwanao, Liberatus