Mama Hatatazama Harusi Yangu kwa Simu

Kaka yangu Elia,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, halafu wifi Rehema, halafu wanao. Vipi kile kifua, kimeacha kukubana asubuhi? Na dukani Mlandege, wakulima wameshaanza kupanga foleni ya mbegu? Nasikia mvua imeanza vizuri huko. Huku Ujerumani theluji imeanguka tena, mwaka wa tatu sasa, na bado sijaizoea. Mikono imepasuka kwa kunawa nawa kazini. Ila mimi ni mzima, nakula, nasali, na wazee ninaowahudumia wamenizoea kiasi kwamba nikipumzika siku mbili wananiuliza nilikuwa wapi.

Barua hii nimempa mwenzangu wa kazini anayekwenda likizo kwao Njombe. Atashuka Iringa aikabidhi mkononi mwako. Nimeshika kalamu kwa sababu njia nyingine zote umezifunga. Umejitoa kwenye kundi la harusi, simu yangu inaita mpaka inakatika, ujumbe unausoma na hujibu. Basi isome hii mpaka chini, ndipo ukasirike vizuri.

Niseme wazi mapema usije ukadhani naandika kuomba radhi. Harusi yangu na Shija itafanyika Ruaha Mbuyuni. Zanzibar hatuendi, na ule ukumbi wa Mbeya hatuutaki. Mchungaji ameshatuandika, na tangazo la kwanza limeshasomwa kanisani. Ulisikia habari hizo kwa watu, na hilo ndilo kosa langu, nalikubali. Ilipasa uzisikie kwangu. Lakini sababu zake hukuzisikia kwa mtu yeyote, kwa hiyo nakueleza mwenyewe.

Unakumbuka ulivyoweka kwenye kundi picha za ile hoteli ya ufukweni? Viti vyeupe, maua, zulia limetandikwa mchangani. Ukaandika kwamba binti anatoka Ulaya, kwa hiyo harusi yake lazima iwe ya kusafiri, watu wapande ndege, waione Zanzibar. Kamati nzima ikafurahi. Mimi nikauliza swali moja tu: Mama atafikaje? Ukajibu, "Mama atatazama kwa simu. Tutamnunulia ile yenye kioo kikubwa." Na watu wakaweka dole gumba, Kaka. Nilihesabu madole gumba kumi na nne. Hakuna hata mmoja aliyesema ngoja kwanza.

Sikulala na hasira juu yako, maana najua ulivyohangaika. Mama alipopata kiharusi mimi nilikuwa huku. Wewe ndiye uliyemtoa Mbuyuni ukampeleka hospitali, ukamleta kwako Kihesa, ukampa chumba kinachopata jua. Miaka miwili wewe na Rehema mnamwogesha na kumlisha. Mimi ninayelipwa kuwaogesha wazee wa watu sijamwogesha Mama yangu hata mwezi mmoja mzima. Hilo ninalijua, na kama ulitaka kunirushia usoni, nimekuondolea kazi.

Nilipokuja likizo ukalegeza kamba. Ukasema haya, tuache Zanzibar, twende Mbeya tukaone ukumbi, maana Shija ndiko anakofanya kazi yake ya udaktari wa mifugo. Mama alikuwa na miadi na daktari Mbeya, kwa hiyo tukaenda naye. Tukalala, asubuhi tukaenda kuuona huo ukumbi.

Ukumbi ulikuwa mzuri, sikatai. Vioo pande zote, mlima Loleza unaonekana kama umewekwa na fundi wa mapambo. Lakini ulikuwa ghorofa ya tatu, na lifti hakuna. Nilipomuuliza yule meneja kuhusu watu wasioweza kupanda ngazi, akacheka. "Dada, wazee huwa tunawabeba. Vijana wapo."

Wewe ukamwambia, "Usijali, mama yetu hatapanda. Anachoka."

Mkaendelea kuongelea meza. Mimi nikashuka. Sikukuambia nilichokikuta kule chini, na nimekaa nacho miezi yote hii. Tulikuwa tumemwacha Mama garini, kiti chake cha magurudumu kimekunjwa nyuma. Nilimkuta ameinamia mlango, mkono wake mzima umeshika kitasa, anakivuta. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimemwangukia machoni na hakuweza kukirudisha, maana mkono ni mmoja na aliuhitaji kwa kitasa. Nikafungua, nikamtengeneza kitambaa. Nikamuuliza alitaka kwenda wapi.

Akahangaika na mdomo, kisha akasema, "Nimevaa."

Ni neno hilo tu. Ndipo nikamtazama. Alikuwa amevaa kile kitenge chake cha Krismasi, na hereni. Rehema aliniambia baadaye kwamba Mama aliving'ang'ania kabla hatujaondoka Iringa, akavipakia yeye mwenyewe kwenye begi. Alijua tunakwenda kuuona ukumbi wa harusi ya mwanawe. Alivaa kwa ajili ya ukumbi, sisi tukamwacha na madirisha yamefunguliwa kidogo kama mzigo wa nyanya.

Siku ya tatu tulipokuwa tumerudi Kihesa tuligombana sebuleni, unakumbuka. Mama amekaa pale pale kwenye kochi. Nikasema tumuulize yeye anataka harusi iwe wapi. Ukasema, "Twilumba, usimchoshe." Nikamuuliza hata hivyo. Akaanza kuitafuta sauti, na wewe ukamsubiri labda sekunde tatu, ukaendelea kuongea na mimi. Akatoa neno wakati tayari unazungumza: "Mbuyuni."

Ukasema, "Unaona? Amechanganyikiwa. Anadhani bado anaishi kule."

Kaka, Mama hajachanganyikiwa. Hii ndiyo kazi yangu, niamini hapa kama ninavyokuamini wewe kwenye mbegu na madawa. Kuna mzee hapa kazini aliyekuwa fundi saa. Kiharusi kilimnyang'anya maneno kama kilivyomnyang'anya Mama. Wauguzi wapya humjibia kila kitu: anataka chai, anataka kulala. Mimi nilifundishwa kukaa, kufunga mdomo na kuhesabu moyoni mpaka kumi, na ikibidi mpaka thelathini. Wiki ya kwanza niliyokaa naye hivyo aliniambia sentensi nzima. Alitaka kujua binti yake alifariki lini, kwa sababu kila mtu alikuwa akimficha. Akili yake ilikuwa timamu siku zote hizo. Wenye haraka tulikuwa sisi.

Kesho yake wewe ulikwenda dukani. Ndipo baba yake Shija, Mzee Luhende, alipokuja kutoka Usangu. Usimlaumu Rehema kwa kumpokea, mimi ndiye niliyemwita. Najua ulivyokuwa ukisema juu ya wafugaji wa kule, kwamba wamekuja juzi na ng'ombe zao na hawajui mambo ya watu. Basi sikiliza alichofanya huyo asiyejua mambo ya watu.

Aliingia, akavua kofia, akatupita mimi na Shija bila kutusalimu, akaenda moja kwa moja kwa Mama. Akavuta kigoda akakaa miguuni pake. Akasema, "Kamwene." Kihehe chake kizima ni hiyo salamu moja, na nahisi aliifanyia mazoezi njia nzima.

Mama akajibu, "Kamwene." Safi kabisa, Kaka, bila kukwama. Rehema alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona ni nani aliyeongea.

Kisha mzee akasema, "Mama, kwa desturi harusi ni ya upande wetu, sisi wenye kijana. Ningeweza kusema ifanyike kwangu, na nina uwanja. Lakini binti ni wako. Nimekuja kukuuliza wewe, tuifanyie wapi?"

Akanyamaza. Mama akaanza kuhangaika na mdomo. Shija akataka kumsaidia, baba yake akamnyooshea kidole bila hata kugeuka. Tukakaa. Nilisikia saa ya ukutani, nikasikia kuku wa jirani. Mzee hakukohoa wala hakuangalia pembeni. Jasho lilimtoka Mama kwenye paji la uso, na mimi nikauma mdomo wangu nisimjibie.

Mama akasema, "Waje kwangu. Mbuyuni. Wote waje."

Mzee Luhende akaitikia, "Tutakuja." Akaongeza, "Na ng'ombe nitaleta mimi." Wakaanza kucheka wote wawili, yule mzee na Mama, sijui walichekea nini. Miaka miwili sikuwa nimesikia Mama anacheka.

Kwa hiyo niambie, Kaka, baada ya hapo mimi ningechagua ukumbi gani?

Mimi na Shija tukateremka mlima Kitonga mpaka Mbuyuni siku iliyofuata. Najua hoja zako zote, ulizitoa kwenye kundi kabla hujatoka. Kuna joto. Ndiyo, kuna joto, tutafunga maturubai na watu watajipepea. Malori yanapiga honi barabarani. Yapige, madereva watakuwa wametusalimia. Hakuna hoteli ya maana. Wageni watalala kwenye nyumba za kulala wageni zilizopo, na wengine kwa majirani, maana kina mama wa kwaya walishagawana watu kabla sijaomba. Pale uwanja wa kanisa ni tambarare kama meza. Kanisa lina kizingiti kimoja tu mlangoni, na mzee wa kanisa amesema watakisawazisha kwa saruji. Nilisimama pale nikautazama ule upande wa mto, mashamba ya vitunguu yamekaa kijani, wanawake wameinama wanapalilia, na nikakumbuka ni nani aliyetusomesha kwa vitunguu hivyo hivyo. Mama alisimama kando ya ile barabara na matenga yake kila basi liliposimama. Watu wa pale wanamjua kwa jina. Zanzibar nani anamjua?

Nyumba yake pia nimeifungua. Buibui wengi, lakini bati halivuji. Jirani yake wa siku zote, Mama Upendo, alikuja na ufagio bila kuitwa. Aliniuliza, "Anarudi lini?" Nikamwambia, anakuja kuozesha. Akakaa kizingitini akalia, kisha akainuka akaendelea kufagia.

Na safari usiitumie kama kisingizio. Daktari wa Mbeya alisema mbele yako kwamba anaweza kusafiri, mradi apumzishwe njiani. Aliyevumilia Iringa mpaka Mbeya na kurudi hatashindwa na saa mbili za kuteremka Kitonga.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe. Siku ya mwisho kabla sijapanda ndege uliniambia, sauti chini, "Twili, sitaki watu wamwone Mama hivi. Nataka wamkumbuke alivyokuwa." Nilinyamaza kwa sababu nilikuona machozi. Leo nakujibu. Kaka, wanaokumbukwa ni waliokufa. Mama yupo. Anaona, anasikia, anachagua hereni. Mdomo wake umekwenda upande na mate humtoka akila, na watu watamwona hivyo, na mwenye kushangaa ashangae, akimaliza ale pilau. Mimi sioni aibu. Ukiona aibu wewe, nakuelewa, maana wewe kuliko mimi niliyezaliwa mwisho ulimwona akibeba gunia akiwa na nguvu zake. Ila aibu yako usimvishe yeye.

Kamati imebaki bila mwenyekiti. Wengine wamependekeza jina la mtu mwingine, nimewakatalia. Kama hutaki kukaa kwenye kiti hicho kitakaa kitupu na kazi zitafanyika. Send-off na harusi tumeziunganisha siku moja ili Mama asisumbuliwe mara mbili. Wazee wa upande wetu wametuma salamu kwamba pombe ya ulanzi haitakosekana, na mchungaji amesema hatauliza kilichomo kwenye vibuyu.

Nisalimie wifi Rehema sana, mwambie zile krimu za mikono alizoniagiza nimezipata. Nisalimie wanao, yule mkubwa aache kuchezea kiti cha bibi yake. Nisalimie baba mdogo na mkewe, na shangazi wa Kihesa, mwambie nguo ya rangi anayoitaka avae, sina sare. Mama nimemsalimia mwenyewe jana kwa simu ya wifi, alichukua dakika nzima kuniuliza kama nimekula.

La mwisho. Mchungaji aliniuliza ni nani atakayenikabidhi, kwa kuwa baba hayupo. Nilimjibu kwamba Mama yangu. Akauliza nani atasukuma kiti chake mpaka mbele. Shija alitaka kumtafuta binamu yake, nikamzuia. Nafasi hiyo ni yako, Kaka, sijampa mtu na sitampa. Siku hiyo tutafika mlangoni, kwaya itaimba ubeti wa kwanza, na mimi nitakusubiri. Ukitokea, utashika wewe. Ubeti ukiisha hujatokea, nitakunja mikono ya gauni langu nisukume mwenyewe. Ndiyo kazi yangu, na njia yote Mama atakuwa amekaa mbele, watu wamwone.

Mdogo wako akupendaye na asiyekuogopa,

Twilumba