Nywele kwenye Gundi

Mdogo wangu Ursina,

Huku Ardez hatujambo. Theluji imefika dirishani, na jibini la mwaka huu limetoka zuri.

Umeniuliza kilichonipata hata nianze kupanda milima kwa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, na umri huu. Nimechoka kubaki nyumbani kila Jumamosi mume wangu Curdin akiwa mlimani peke yake, basi. Jana nilikwenda kununua ngozi, zile za kubandika chini ya skii ili usiteleze kurudi nyuma unapopanda. Muuzaji alinicheka. "Mama, wewe ndiyo kwanza unaanza, chukua za nailoni. Za manyoya ya mbuzi waachie wenye haraka zao. Na gundi yake uitunze, inanasa kila kitu."

Niliporudi nikabandua ngozi za mume wangu, niione hiyo gundi. Imejaa nywele nyeupe, ndefu, za mbwa. Sisi hatuna mbwa. Nikamuuliza. "Aa, mbwa wa watu tu, nilikutana naye njiani," akasema, macho kwenye supu.

Mbwa wako Turo hajambo? Bado mweupe vile vile, bado anapukutisha nywele? Unasema hujamwona shemeji yako tangu Krismasi. Haya, nimesikia.

Mlima unaotutenganisha si mkubwa, na alama za skii kwenye theluji hazifichiki. Jumamosi nitazifuata za Curdin, polepole, na ngozi zangu za nailoni. Chemsha chai ya watu watatu.

Dada yako,
Madlaina