Baba Amesahau Kwamba Dhahabu Hunywea

Karakana ya Baba,
Nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Habari za siku nyingi, na za kazi? Wifi hajambo? Na wale pacha, mafua yamewaachia? Nikisikia mko wazima huwa napata usingizi. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa, na usinilaumu nikikuandikia mambo haya. Kwenye simu sauti inanikatika.

Ni Baba. Wewe huwezi kugundua, kwa sababu mkiongea hujikaza, anakutania vilevile, anakuita Bwana Mkubwa. Akishakata simu ananiuliza alikuwa anaongea na nani.

Mwezi uliopita nesi wa zahanati ya jirani alileta hereni za marehemu mama yake, zimevunjika, tuziyeyushe tumtengenezee pete. Baba akataka kuichonga mwenyewe ile pete ya nta ya kutolea kalibu ya dhahabu. Nilifurahi, maana siku hizi kazi haimvutii. Alipomaliza nikaona ameichonga sawasawa na kipimo cha kidole.

"Baba, hujaongeza."

"Niongeze nini?"

"Ya kunywea."

"Kwani dhahabu ni kitambaa, inywee?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Kaka, huyu ndiye aliyetuimbia tangu tukiwa wadogo kwamba dhahabu ikipoa hunywea, kwa hiyo nta lazima izidi kipimo kidogo, na njia ya kumiminia iwe nene ili pete ikipoa ipate pa kunyonya dhahabu ya kujazia. Njia nayo aliiweka nyembamba kama sindano. Nilipotaka kuigusa akanipiga kofi mkononi. Nikamwachia, fundi ni yeye.

Pete ikatoka ndogo. Nesi alipoijaribu ikagoma kwenye kifundo cha kidole. Akasema si neno, ipanuliwe. Baba akaivalisha kwenye chuma cha kupimia, akaigonga nyundo, ikakatika pale palipo nene. Ndani ilikuwa vitundu vitupu, kama mkate. Hapo akamgeukia nesi, akamwambia ameleta dhahabu ya uongo. Akamwita mwizi mbele ya wateja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nesi alimtazama, halafu akamuuliza taratibu ni nani anayepika hapa nyumbani.

"Mama watoto," Baba akasema. "Yuko jikoni, mwite."

Mama, ambaye mimi na wewe tulimzika.

Nesi huyohuyo aliyetukanwa ndiye aliyetupeleka kwa daktari. Daktari hakuzungukazunguka: akili inamtoka, na dawa itapunguza kasi tu. Shangazi anasema ni uzee, wazee wote husahau. Simbishii. Lakini yeye haishi humu, wala si yeye aliyekuta gesi ya karakana inawaka huku Baba yuko barabarani pekupeku, anatafuta karakana.

Nimeficha tindikali, nimefungia mtungi. Alilia kama mtoto, akisema nimemnyang'anya kazi yake. Ni kweli nimemnyang'anya. Sijui ningefanya nini kingine, na hamna wa kumuuliza, maana wa kumuuliza alikuwa yeye.

Pete ya nesi nimeirudia peke yangu, nikipima mara tatu tatu, kwa kuwa dhahabu ya mama yake ni ileile, nyingine haipo. Imekaa vizuri. Nilipokuwa naing'arisha Baba akaichukua, akaipeleka dirishani, akapitisha ukucha kwa ndani kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Nani ameimimina?"

"Mimi."

"Nani alikufundisha?"

Nikainama kukusanya vumbi la dhahabu mezani. Akanisubiri, kisha akaniwekea pete kiganjani.

"Basi huyo anaijua kazi," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Kaka, sikuombi utume chochote. Omba ruhusa uje. Maji yamenifika shingoni, na huruma ya mbali hainifuti machozi. Jina lako bado analijua, akiamka analiulizia. Mimi, tangu juzi, ananiita "fundi", kwa heshima kabisa, kama mtu wa kuajiriwa.

Mpe wifi salamu zangu, na pacha uwabusu kila mmoja kwa zamu yake wasigombane. Shangazi anakusalimu. Mungu akufungulie njia, akufikishe ungali unajulikana.

Dada yako akupendaye,
Kitinda Mimba