Ungo wa Nyota

Mayu,

Shikamoo mama yangu, huko uliko. Najua ungeanza kwa kuniuliza kama nimekula. Nimekula, wali na mlenda, na sasa nimekaa mlangoni kwako hapa Nyahanga, kwenye kigoda chako. Nina habari mbili na zote ni nzuri, kwa hiyo tulia unisikilize.

Ya kwanza ni ya nyota yetu. Unakumbuka nilipokuonyesha picha yake kwenye simu, ukasema imepigwa na mtu anayekimbia? Nikakueleza kwamba nyota ile bado changa, imezungukwa na mawe na vumbi vilivyobaki sayari zilipoumbwa, vimetandazika bapa, duara. Na ndani ya duara hilo kuna sayari moja kubwa mno. Kazi yangu chuoni ni kupima kama njia ya sayari hiyo imelala sawa na lile vumbi au imeinama. Picha za mwanzo zilionyesha kama imeinama, ndiyo maana nilikuwa nakupigia simu nikiwa nimenuna. Sasa picha mpya zimekuja. Vimelala sawa, Mayu, sayari na vumbi lake! Nilipiga kigelegele maabara nzima ikageuka.

Nilikuambia vumbi lile wataalamu wanaliita diski. Ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Disko? Kumbe na huko wanacheza?" Ukalikataa hilo neno, ukaitazama tena picha, ukasema, "Huu ni ungo."

Na kweli ni ungo. Tatizo lako hukuishia nyumbani. Ukaenda kwenye meza yako ya mchele sokoni ukamtangazia kila mteja: "Kabula wangu anasomea ungo wa angani." Eh, Mayu! Bibi mwenye macho mekundu ya moshi, katikati ya soko, anasifia ungo unaozunguka huko juu! Nani hajui ungo wa angani ni usafiri wa nani? Ni wewe tu hukuliwaza hilo, maana kifua kilikuwa kimekujaa sifa za mwanao.

Wengi walicheka. Jirani yako Mama Kulwa hakucheka. Aliacha kuja kuomba chumvi, akawa anapita upande wa pili wa barabara, yeye uliyelima naye pamba tangu mkiwa wasichana. Ulijifanya hujali. Mimi niliogopa, kwa sababu huku kwetu maneno kama hayo yameshawaua kina mama wasio na kosa, nami nilikuwa mbali. Halafu ile wiki ya mwisho ya ugonjwa wako, sauti imekwisha kabisa, ukaninong'oneza, "Ng'wanone, mwanangu, mweleze Mama Kulwa. Nisife mchawi." Ukaondoka kabla sijamweleza. Hapo, Mayu, niliumia kuliko nilivyoumia makaburini.

Sasa habari ya pili. Msibani Mama Kulwa alikuja, akakaa nyuma kabisa, hata chai hakugusa. Tulipoanua matanga nikamshika mkono asiondoke. Nikachukua ungo wako, ule ulioshonewa kipande cha kanga pembeni, nikaumwagia pumba. Kitunguu katikati kikawa nyota, karanga ikawa sayari. Nikamwambia, Mama, hivi vyote viliumbwa kwenye vumbi moja. Kukiwa na amani, vinaendelea kuzunguka vimelala pamoja. Sayari zikisukumana, au nyota nyingine ikipita karibu mno, njia ya sayari inainama, na huenda ikabaki hivyo miaka na miaka. Tunapima ili tujue kama huko nyuma palikuwa na ugomvi.

Akautazama ungo muda mrefu. "Na nani anaupanda?"

Nikamwambia hakuna anayeupanda, ni mawe na vumbi tu.

Akachota zile pumba kwa vidole, akaziachia zidondoke. "Kumbe Mama Kabula alikuwa anaongea pumba!" Akacheka, wenzake wakacheka, kisha akajifunika kanga usoni akalia kwa sauti, akikuita kwa jina lako la usichana. Nikalia naye. Kilio kile kilinipumzisha.

Ngoja, sijamaliza. Leo asubuhi amepiga hodi. Mpunga wake umeingia kutoka shambani, ungo wake umetoboka, ameomba aazime wako. Nilimtazama akiondoka nao kichwani, mchana kweupe, akipita katikati ya soko, pale pale mbele ya meza yako, watu wote wanaona. Akasimama na kusalimiana nao, hana haraka hata kidogo.

Sitaudai. Akae nao mpaka uchakae. Na nakuahidi, siku nitakapoiandika nyota ile kwa Kiswahili, sitaandika diski. Nitaandika ungo, na nitasema ni mama yangu aliyeuita hivyo.

Wabeja, Mayu, asante. Lala sawa. Hukufa mchawi.

Kabula wako