Reli za Majivu Uani

Jumatatu, 8 Juni 1953

Nimefagia uani, kisha nimechora stesheni upya. Kuku walikuwa wamefuta njia ya nne. Majivu ndiyo reli, magunzi ya mahindi ndiyo mabehewa, sufuria ndiyo tangi la maji. Mume wangu Banza hapendi nitumie sufuria. Atazoea.

Alipokuja Kamina kugeuza reli, kulikuwa na njia moja na kibanda cha nyasi. Kila njia iliyoongezwa aliiona ikilazwa, na anaziita kwa kazi zake: ya Kwanza, ya Maji, ya Ng'ombe, ya Karakana. Sasa reli ya Kabalo inajengwa. Wameongeza njia tatu upande wa soko, na mikono miwili ya chuma anayovuta kugeuza reli, treni ibadili njia, imehamishwa. Mtihani wa njia mpya ni Ijumaa. Atakayeshindwa anapelekwa kuvunja kokoto, na nyumba ya kambi anairudisha.

Hilo kila mtu analijua. Wasilolijua ni kwamba Banza haoni. Tangu Pasaka macho yake yana ukungu mweupe. Treni anaiona kama ukuta unaosogea. Bendera nyekundu na ya kijani kwake ni vitambaa tu. Naogopa.

Jumanne, 9 Juni

Somo. Kutoka tangi hadi mkono wa tatu, hatua ishirini na mbili. Uani hapatoshi, kwa hiyo anazikanyaga papo hapo, peku, kisha anageuka. Amekosea mara nne. Ameniita askari. Nimemwita mbuzi. Tumecheka mpaka jirani akachungulia.

Alhamisi, 11 Juni

Nimevuka stesheni na kikapu cha samaki wakavu wa Kinkondja, kama muuzaji. Sikuuza hata mmoja. Nilikuwa nahesabu hatua upya. Hatua zangu tatu ni mbili zake. Numbi, mwenzake wa zamu, akauliza mbona midomo yangu inacheza. Nikasema rozari. Jumapili nitaungama.

Ijumaa, 12 Juni

Ameshinda. Wa kwanza kati ya wote. Chefu, mkuu wa stesheni, amewaambia wengine wajifunze kwake, maana anavuta mkono bila hata kuuangalia. Nimechinja jogoo. Nina furaha, basi.

Jumatatu, 15 Juni

Furaha imeisha. Hatua zinamwambia mkono uko wapi. Hazimwambii nani amesimama relini. Treni ya Elisabethville inabeba watu, haibebi magunzi. Nilidhani namfundisha kazi, kumbe nimemfundisha kuficha. Mpumbavu mimi.

Jumatano, 17 Juni

Limetokea. Mafundi waliacha rundo la mataruma ya kulazia reli njiani kwake. Akalizunguka, hesabu ikampotea, akavuta mkono wa jirani. Mabehewa mawili matupu yakaingia njia ya Maji na kugonga kizuizi cha mwisho. Hakuna aliyeumia. Punde kabla, Numbi alikuwa ameinama palepale akinywa maji. Alikuwa ndiyo kwanza ameondoka. Chefu anadhani mkono ulikwama. Banza kamwacha adhani hivyo.

Jioni bukari hakuigusa, ugali wote ukapoa. Nikamwambia aende kwa Chefu akaseme ukweli. Asipokwenda, nitakwenda mimi.

"Na hii nyumba?" akauliza. "Tutalala wapi?"

"Tutalala ku Kabondo-Dianda, kwa mama. Kule hakuna mkono wa kuvuta ukaua Numbi."

Nikaondoa sahani.

Alhamisi, 18 Juni

Amekwenda mwenyewe, asubuhi. Nilimfuata mpaka mlangoni mwa ofisi. Nilimsikia.

"Chefu, macho yangu ilikufa. Munitoe pale, nisiue muntu."

Chefu akauliza, basi mtihani aliupitaje.

"Muke yangu njo alinifundisha."

Nikaitwa ndani. Nilidhani ni gereza. Chefu akanipa kalamu, akasema nichore. Nikachora njia zote saba, za zamani na mpya, na hatua za kutoka moja hadi nyingine. Akalinganisha na ramani yake ya ukutani. Ramani yake bado iliionyesha ile mikono miwili mahali pake pa zamani.

Akafoka kwanza, tena sana, na alikuwa na haki. Kisha akasema reli ya Kabalo inataka wageuza reli wapya, naye hana wa kuwafundisha. Banza hatagusa mkono tena. Atawatembeza wanafunzi njia zote, kila njia aeleze ilianzaje na ni ya nini, mpaka miguu yao ijue. Macho wanayo wenyewe. Nyumba tunabaki nayo. Si huruma, ana shida ya watu. Sijali. Mimi sikupewa kitu, na hilo pia sijali.

Tumerudi nyumbani tumeshikana mikono mchana kweupe, kama wazungu. Kambi nzima imetuona.

Jumamosi, 20 Juni

Numbi amekuja. Banza amemweleza yote, hata lile la Jumatano. Numbi amemtukana kwa Kiluba, tusi refu. Kisha ameketi, amekula mboga yote ya sombe. Nimeshukuru Mungu kwa lile tusi.

Jumatatu, 29 Juni

Baridi ya kiangazi. Vumbi. Banza yuko kazini na wanafunzi wake sita. Ameondoka akipiga mluzi.

Nimemenya mihogo, nimefua. Tangu Pasaka kila honi ya treni ilinisimamisha wima, chochote nilichokuwa nacho mkononi. Leo ile ya saa nne imepita sikuisikia. Nimejua tu kwa masizi kwenye shuka nilizoanika. Nimezirudisha majini.