Maharage ya Baba Mkwe

Baba, jirani Yonasi anadai asubuhi ulikwenda kwake kuomba chumvi, ukamwambia, "Mkamwana ananilisha majani kama mbuzi." Mbuzi hapikiwi, baba.

Maharage yako jikoni, nimeyaunga kwa kitunguu saumu na tangawizi. Chai ya mchaichai imo birikani. ~~Chumvi iko nyuma ya~~ Chumvi nimeificha. Mganga wa misheni alisema damu yako inapanda, na viungo hivi vinasaidia mtu akiacha chumvi.

Jana ulipoanguka kwenye shamba la kahawa nilisimama mbali nikipiga kelele mpaka Yonasi akaja, maana mila hainiruhusu kusema na baba mkwe, sembuse kumgusa. Nimekwenda kisimani. Tafadhali baba, ukianguka tena tukiwa wawili tu, naweza kukushika?

Mkamwana wako,
Loisi