Chaza Kumi na Mmoja

Kijiji cha Ulaya,
Wilaya ya Kilosa.
19 Julai 1975.

Mpendwa Dada Costancia,

Shikamoo. Najua salamu ndizo hutangulia, lakini nisipoandika neno hili sasa nitalificha tena: nilijua. Nilijua kabisa kwamba ukoo wetu hauli kitu chenye gamba, na bado nikala chaza kumi na mmoja. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Sasa nikusalimu vizuri. U hali gani huko Bukoba? Wagonjwa hawakuchoshi? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoshwa hata kusoma siwezi. Bibi hajambo, kwa kadiri ya mtu ambaye tangu Jumatatu anakula mihogo ya kuchoma tu.

Shule ilitupeleka Dar es Salaam kwenye maonyesho ya Sabasaba. Siku iliyofuata Mwalimu Ngoitiko, anayetufundisha elimu ya viumbe, alitupeleka Kunduchi tushinde pwani. Maji yalikuwa yamekupwa, na akina mama walikuwa wameinama miambani wakibandua chaza kwa nyundo. Mmoja wao alinipasulia chaza, akamkamulia ndimu, akasema, "Meza mwanangu, usimfikirie." Mwalimu alirudi nyuma hatua tatu. "Sisi kwetu hata samaki hatuli," akasema. "Lakini nyinyi kuleni, ni elimu."

Dada, nilimfikiria. Nilimfikiria na Bibi pia. Kisha nikameza. Alikuwa wa baridi, wa chumvi, halafu utamu ukabaki kooni muda mrefu. Mimi ambaye darasani siinui mkono hata nikiwa na jibu, pale niliunyoosha mara kumi zaidi.

Regina, yule binti wa jirani ninayesoma naye, alihesabu. Mdomo wa Regina unaujua. Tulipokuja likizo, kabla sijatua sanduku, kijiji kizima kilishajua kwamba nimekula konokono. Watoto kisimani wananiita Mama Konokono na kunifuata nyuma wakitembea polepole. Balozi wa nyumba kumi alikuja na daftari kuuliza kama ni kweli sekondari siku hizi tunalishwa konokono badala ya maharage. Nilimweleza kwamba chaza si konokono, nikamchorea na picha. Akaitazama sana.

"Ana gamba?"

"Analo."

"Basi," akasema, akafunga daftari.

Bibi hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alihamisha tu sufuria yake, na chakula nilichopika mimi hakigusi. Desturi unaijua: aliyekula mwiko bila kujua hunawishwa na Bibi mwenyewe na yakaisha palepale, lakini aliyejua sharti anawishwe na mjomba. Basi kila asubuhi Bibi anasimama mlangoni na kibuyu cha maji tayari mkononi. "Hukujua, eti?" Mama yake Regina ananikonyeza niitikie. Regina naye, bila haya, "Sema hukujua, kwani neno moja litakung'oa meno?" Wote wanataka niongope, na ndio walewale walionichapa kwa kuongopa nilipokuwa mdogo! Nami nanyamaza kama gogo, huku Bibi anakonda.

Nilikomea hapo jana. Nilipoyasoma niliyoandika niliona aibu kwamba karatasi inajua na Bibi hajui. Niliacha kalamu, nikamfuata uani alikokuwa akichambua choroko.

"Bibi, nilijua."

Hakuinua uso. "Ulijua, ukala?"

"Nilijua, nikala."

"Vingapi?"

"Kumi na kimoja."

"Lo! Kumi na kimoja! Kimoja hakikutosha kuwaudhi wazee?" Akachambua kidogo, akatupa kijiwe, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Vilikuwa vitamu?"

"Vitamu, Bibi."

"Mjinga wewe. Nenda kamwite mjomba wako."

Leo alfajiri nilikwenda Zombo kwa miguu. Mjomba Lukasi alinirudisha kwa baiskeli, mimi nimekaa nyuma kwenye karia, naye njia nzima ananung'unika kwamba pamba yake haijachumwa na kwamba wasomi siku hizi wanakula mpaka mawe. Tulipofika alinimiminia mikononi maji yenye unga wa mtama, akataja majina ya waliotutangulia, kisha akadai chai. Nilimpa chai. Nikaosha sufuria, nikachemsha choroko, nikasonga ugali. Bibi alikula matonge sita.

Msalimie Shemeji Mathayo, na umbusu mtoto Katarina. Bibi na Mjomba wanakusalimu sana. Mungu akutie nguvu katika kazi yako, na akulinde wewe na nyumba yako.

Mdogo wako akupendaye kwa moyo wote,

Filomena